Kila Mtu na Mti Wake

Jumatatu, 23 Machi

Daktari Philister, yule mama wa vifua kule Parklands, ameniambia niandike siku ambazo mume wangu Hemed anabanwa na kifua na siku ambazo anapumua vizuri, ili tukirudi kwake awe na pa kuanzia. Haya, naandika. Lakini ajue kabisa kwamba mie si karani. Mie Kijakazi nikishika kalamu siwezi kusema "leo amekohoa, leo hakukohoa" halafu nikanyamaza.

Leo amekohoa.

Jumatano, 25 Machi

Ramadhani imekwisha na mume wangu hakuswalisha tarawehe. Alijaribu siku ya kwanza tu. Hemed, jamani! Mtu ambaye watu walikuwa wakiacha misikiti ya karibu na kwao wakaja mjini kumsikiliza, anasoma aya ndefu kwa pumzi moja, wala husikii alipoungia. Safari hii alikatika katikati ya neno. Akakohoa, akarudia, akakatika tena. Mwishowe akampisha Abdulrauf, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ni karani wa duka la vitambaa huko huko mjini. Tangu siku ile Hemed anaswali safu ya nyuma, karibu na mlango, na watoto wa madrasa anawasomesha kwa kunong'ona.

Wala sigara hajapata kuishika. Daktari alipotuuliza tunakaa wapi nilimwambia: Kangemi, chumba cha mwisho kwenye ploti, mbele yetu pana uwanja mtupu, na mbele ya uwanja pana Waiyaki Way. Akauliza huo uwanja una kazi gani. Nikasema ni wa kuchomea taka. Nani anachoma? Kila mtu, ila bingwa wao ni jirani yetu Kitavi, mwenye mkokoteni, anayechoma nyaya na matairi apate shaba na chuma cha kuuza. Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, mapafu ya huyu mzee ni ya mtu aliyevuta sigara tangu ujana. Hameni." Nikacheka, maana ningefanya nini? Tuhamie wapi na kwa kipi?

Basi akasema, kama hamhami, wekeni majani kati yenu na hiyo barabara. Majani yanashika vumbi na masizi, mvua inayaosha, uchafu unaanguka chini badala ya kuingia kifuani. Yawe mazito, kuanzia chini mpaka juu. "Si dawa," akasema, "na moshi wa taka lazima ukome. Lakini vifua vyote vya hapo vitapata nafuu, si cha Mwalimu peke yake."

Alhamisi, 26 Machi

Mvua ya kwanza. Amelala vizuri.

Jumamosi, 28 Machi

Leo nimegundua siri ya mume wangu. Muda mrefu nimekuwa nikijiuliza kwa nini akitoka mjini jioni anachelewa. Nilishaanza kuwaza kwamba ana mke mwingine, mzee huyu na kikohozi chake! Leo nimefuatana naye. Tulishuka Muthangari, akaniongoza mpaka kwenye barabara ya ndani yenye nyumba za wenye pesa, akaketi juu ya jiwe kando ya ua wa watu. "Nakuja kupumua," akasema.

Miti huko imefungana juu. Barabara kuu iko karibu, magari unayasikia, lakini hewa unaweza kuinywa. Hemed akafumba macho, akasoma. Akaifikisha aya mwisho bila kukatika. Mie nikageuza uso nisimwonyeshe machozi. Mlinzi akatoka getini akatuuliza tuna shida gani. Nikamwambia shida yetu ni pumzi, kama anaiuza tutanunua.

Nimerudi nyumbani na hasira. Kwa nini wao wawe na majani, sisi tuwe na majivu?

Jumanne, 31 Machi

Munyiva amekubali. Munyiva ndiye jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mkamba wa Mwingi, mwimbaji wa kwaya kanisani kwake, mtu safi kuliko ndugu zangu wa damu. Mwanawe Anita, wa miaka tisa, ana kifua kama cha Hemed. Usiku wanajibizana kwa vikohozi ukutani. Munyiva aliposikia habari za majani hata hakuniacha nimalize. "Mama Sahar, wewe sema tu ni lini. Mimi nitaleta jembe."

Alhamisi, 2 Aprili

Tumepata miche! Dan, anayeuza miche kando ya barabara kuelekea Uthiru, ameambiwa ahame pale. Ana miti iliyomshinda kuuza, imekua imempita kimo, mizizi imetoboa mifuko. Ametupa bure tuiondoe. Mingi ni mukima, mti wa huku bara wa kukua upesi, na mingine ni mivinje. Nilipoiona mivinje nilikumbuka kwetu pwani, Takaungu, nikataka kuikumbatia. Kitavi ameibeba kwa mkokoteni wake, nusu siku nzima anakwenda na kurudi, huku akinung'unika kwamba amegeuzwa punda wa wanawake.

Jumamosi, 4 Aprili

Tumepanda! Ploti nzima imetoka. Mvua ilitunyeshea tukaendelea. Miti imesimama safu mbili kutoka ukutani hadi kwenye mtaro, imekaribiana, na chini yake tumechomeka kaiyaba, ile miiba ya ua. Katikati tumeacha njia ya gari.

Sasa nieleze fikra yangu, maana najivunia. Kitu cha wote hakina wa kukimwagia maji. Hilo nimeliona Nairobi miaka yote. Basi nikakumbuka kwetu. Takaungu ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa mwingine. Shamba la mjomba wangu lilikuwa hivyo: minazi ya mama, mikorosho ya jirani, ardhi ya mjomba, na hakuna aliyegombana na mwenziwe. Mti ni wa aliyeupanda, ardhi haimhusu. Nikawaambia hivyo hivyo: kila mtu na mti wake. Tukakata makopo ya mafuta yawe vibati, Kitavi akatoboa majina kwa msumari, tukavitundika vile vibati. MUNYIVA. KITAVI. MWALIMU HEMED. Watu walifurahi, wakapigana picha na miti yao. Hata Kitavi, aliyekuwa ananuna, aliuliza mara mbili, "Kwa hivyo hii ni yangu? Yangu kabisa?"

"Yako kabisa," nikamwambia.

Hemed alikuwa mlangoni anatazama. Nilipoingia akasema, "Kijakazi, hapa si Takaungu." Nikamwambia anywe chai yake.

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua. Hakukohoa mpaka alasiri.

Jumanne, 14 Aprili

Sijui nimshukuru Mungu kwa maneno gani. Kitavi ameacha kuchoma! Sikumwomba. Amesema moto utaunguza mti wake. Mtu mwingine kutoka ploti ya juu alikuja na gunia la taka na kiberiti, Kitavi akamfukuza na mpini wa jembe. "Enda uchomee kwenu! Hapa kuna miti ya watu!"

Jumamosi, 18 Aprili

Nimefanya jaribio. Mvua ilikuwa imekatika siku kadhaa, nikachukua kitambaa cheupe, nikafuta majani ya mukima upande wa barabara. Kitambaa kimekuwa cheusi, weusi wa sufuria ya kuni. Upande wa kwetu kimetoka na vumbi kidogo tu. Nikaita watu wote waone. Nikawaambia, haya masizi yangekuwa humu, nikajipiga kifuani. Munyiva akakitwaa kitambaa akakitazama, akamtazama Anita. Halafu akaenda akayamwagia maji majani ya miti yote, si wa kwake tu. Jirani wa namna hii unampata wapi?

Anita shule ilipofungwa alikuwa kitandani. Sasa anaruka kamba.

Jumatatu, 20 Aprili

Leo Hemed amemsomesha Abdulrauf hapa nyumbani, kwa sauti. Sauti yake mwenyewe! Nilikuwa jikoni, nikaacha vitunguu vikaungua.

Jumamosi, 25 Aprili

Munyiva ameweka benchi chini ya mti wake. Kapapenda. Anakaa pale jioni anamsuka Anita nywele.

Jumanne, 28 Aprili

Kuna mtu amezungushia mti wake mawe. Nikamuuliza ya nini. Kasema ni urembo.

Ijumaa, 1 Mei

Mawe yamezunguka miti yote sasa. Kitavi naye hakubaki nyuma, ameweka ya kwake kubwa kuliko ya watu wote na kuyapaka chokaa. Duara lake limegusa duara la jirani yake wakatupiana maneno. "Kivuli ya mti yangu inafika hapa!" anasema Kitavi. "Kivuli ni ya jua, haina mwenyewe!" anasema mwenziwe. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikamhadithia Hemed. Yeye hakucheka.

Jumatatu, 4 Mei

Sicheki tena. Jirani wa chumba cha tatu ameuza mti wake.

Ameuza mti! Kwa mtu wa Kawangware ambaye hatujamwona hata siku moja. Nikadhani ameuza mbao. La. Mtu amekuja asubuhi na mabati na misumari, akasimama chini ya mukima akapima kwa hatua zake, akaanza kuchimba mashimo ya nguzo. Nikamwendea mbio: baba, hapa ni pa miti, si pa kujenga. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama, mimi nimenunua. Jina ilikuwa hapa kwa mti, wamenionyesha." Akanionyesha kile kibati. Ameshakigeuza upande wa pili na kutoboa jina lake.

Ndipo nilipoelewa. Ee Mola, ndipo nilipoelewa! Kwetu ukipanda mti umepata mti. Hapa ukipanda mti umepata uwanja. Mti kwao ni mpaka. Hivyo ndivyo walivyoachiwa na wazee wao, na mtu haweki mti mahali ila anasema hapa ni pangu. Mie nimesimama mbele yao nikawaambia kwa kinywa changu "yako kabisa," nikawatundikia majina. Nimegawa ardhi ya barabara nisiyo nayo hata ukucha.

Hemed hakunisema. Afadhali angenisema.

Jumamosi, 9 Mei

Kwa yule wa Kawangware sasa ni kinyozi. Wengine wameona, wameanza. Kila siku nyundo. Matawi ya chini, yale hasa Daktari aliyoyataka, yanakatwa kupisha mabati. Nimekwenda mlango kwa mlango. Wananisikiliza, wananiita mama, wananikaribisha chai. Halafu mmoja ananiambia: "Nisipojenga mimi, si atajenga mwingine?"

Jumatano, 13 Mei

Munyiva.

Nilijua kwamba wengine wangenivunja moyo, lakini si yeye. Ameweka kibanda cha chipsi, chini ya mti wake, na jiko la makaa lenye kikaango kikubwa kama beseni. Mukima umeshaanza kukauka upande mmoja. Moshi wa mafuta unaingia kwangu moja kwa moja. Hemed amekohoa tangu asubuhi.

Nilimwendea. Nilisema nitasema polepole, nikashindwa.

"Munyiva, hata wewe? Anita je?"

"Anita anataka kula, Mama Sahar."

"Na pumzi hataki?"

Akageuza viazi. Hakunitazama. "Kila mtu ako na kibanda. Mimi ndio nikae mjinga? Na si ni wewe ulisema? Si ulisimama hapa ukasema hii ni yangu?"

Nikasema neno ambalo sikupaswa kulisema, kwamba kwaya yake haimsaidii kitu. Akaniambia nimtolee mguu kwenye mawe yake. Kweli nilikuwa nimeukanyaga mpaka wake.

Ijumaa, 15 Mei

Amebanwa. Amebanwa sana. Dawa ya kuvuta inamsaidia kidogo halafu inamwacha. Binti yetu Sahar amepiga simu kutoka Mombasa, anataka tumpeleke baba yake pwani. Hemed amekubali! Mwenyewe! Amesema wiki ijayo, akishawaaga wanafunzi. Nimeanza kufunga nguo.

Jumapili, 17 Mei

Ile njia ya gari tuliyoiacha katikati haikuwa na mti, kwa hiyo haikuwa na mwenyewe. Sasa ina wawili: Kitavi kasogeza mabati yake huku, Munyiva kasogeza benchi na meza yake kutoka upande wa pili. Anayepita anapita kiubavu. Nimewaambia wote wawili. Kitavi kasema Munyiva aanze kutoa. Munyiva kasema Kitavi aanze.

Ijumaa, 22 Mei

Sasa naweza kuandika. Sijui namwandikia nani, maana Daktari hana haja tena.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Mvua ilikuwa ya manyunyu, ile inayozuia moshi usipande. Vibanda vyote vilikuwa vimewasha majiko. Chumbani mwetu palikuwa na ukungu wa buluu. Hemed alikuwa ameketi kitandani anavaa kanzu, anasema anakwenda mjini kuwaaga watoto. Akaingiza mkono mmoja. Wa pili haukuingia. Akanitazama. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka lakini hewa haiendi popote. Nikampa dawa ya kuvuta, nikamtikisia, akavuta, akavuta tena. Midomo ikawa ya kijivu.

Nikampigia Abdulrauf, maana ana gari na alikuwa njiani kuja kumchukua. Alifika upesi, Mungu ambariki. Nikasikia honi. Honi, honi, honi. Nikatoka nje. Gari lilikuwa ng'ambo ya vibanda, limesimama, halina pa kupita. Abdulrauf alikuwa nje ya gari anapiga kelele, "Fungueni! Mwalimu anakufa! Fungueni njia!"

Watu wakatoka. Walisimama. Naapa hawakuwa wabaya. Walikuwa wanatazamana nani aanze. Munyiva alikuwa na kikaango kimejaa mafuta yanayochemka, kimezuia upande wake wote. Alishika mwiko. Hakusogea. Alinitazama mimi na mwiko mkononi na mdomo wazi, na mafuta yanachemka.

Kitavi ndiye aliyeanza. Kitavi! Mtu niliyemlaani kwa miaka kwa ajili ya moshi wake. Alichukua nyundo akavunja kibanda chake mwenyewe, mabati anayang'oa kwa mikono mitupu mpaka damu ikamtoka. Lakini nguzo alikuwa amezimwagia saruji. Gari halikupita. Akatupa nyundo, akakimbia akaleta mkokoteni, akaingia kwangu bila hodi, akambeba Hemed kifuani kama mtoto mchanga, akamlaza juu yake. Tukampitisha kiubavu, mkokoteni unagonga mawe yale yaliyopakwa chokaa, yote, moja baada ya jingine. Kitavi alikuwa analia kwa sauti, anasema, "Mwalimu vumilia, Mwalimu pole, Mwalimu pole."

Tukamwingiza garini. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Waiyaki Way ilikuwa imejaa magari, hayaendi. Abdulrauf akafungua madirisha ili aingize hewa, kisha akayafunga, maana iliyokuwa inaingia ni moshi wa lori lililokuwa mbele yetu. Hapo ndipo nilipokata tamaa, pale alipofunga madirisha.

Hemed alinyoosha kidole. Midomo ilikuwa inasoma. Nikainamisha sikio. Ilikuwa shahada, akaianza, akafika nusu. Nikaimalizia mimi kwa sauti, ili asikie imekamilika. Nadhani alisikia. Tulikuwa bado hatujafika hata Westlands.

Amezikwa makaburini Kariakor siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Abdulrauf ndiye aliyemswalia, na wanasema alisoma kwa sauti ya mwalimu wake.

Jumatatu, 25 Mei

Niko eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya chumba hiki, nguo za rangi moja, bila kutoka ila kwa dharura. Sahar amekuja, amekwenda. Ana watoto wadogo. Mvua imebakia kidogo.

Kitavi analeta maji kila siku. Anaweka mtungi mlangoni, anabisha, anaondoka kabla sijafungua. Kibanda hakukijenga tena.

Munyiva hajaja. Majirani wote wamekuja kutoa pole, hata kinyozi. Yeye namsikia tu ukutani. Amefunga kibanda siku mbili za msiba, siku ya tatu nikasikia viazi vinaingia kwenye mafuta.

Jumapili, 31 Mei

Nimefika mahali nachukia ile miti. Dirisha langu linaiangalia. Ndiyo ilikuwa sababu ya vibanda, na vibanda ndivyo vilivyomzuia. Kila nikiyaona majani namwona Hemed juu ya mkokoteni. Nani aliyeileta? Mimi.

Jumatatu, 8 Juni

Watu wa mamlaka ya barabara wamepita wakaweka alama nyekundu kwenye vibanda vyote. Kesho vinavunjwa. Tangu alasiri nasikia misumari ikichomolewa. Si mabati tu. Watu wanabandua vile vibati vya majina. Kuna uvumi kwamba mwenye jina atashtakiwa.

Jumanne, 9 Juni

Tingatinga limekuja. Msimamizi wao ni msichana, amevaa kofia ngumu ya njano, mpole. Niliketi ndani, pazia nimelivuta, dirisha liko wazi, na kila neno nimelisikia.

Vibanda vimekwenda asubuhi, haraka, watu wakiokoa wanachoweza. Kisha tingatinga likazima. Yule msichana akawakusanya watu. Miti iliyosalia haikuwa mingi, lakini ilikuwepo, mirefu, upande wa mtaroni bado mizito mpaka chini.

"Sisi shida yetu ni vibanda," akasema. "Miti hatuna ugomvi nayo. Inaweza kubaki, ila lazima mtu mmoja asimame hapa aseme atakuwa mwangalizi wake, pasijengwe tena. Mtu mmoja tu. Hii miti ni ya nani?"

Hakuna aliyejibu.

"Haina mwenyewe?"

"Si yangu," mtu akasema. "Mimi nilikuja nikaipata hapa," akasema mwingine. Kisha nikaisikia sauti ya Munyiva, ndogo, kama ya mtu anayesema usingizini: "Hata mimi si yangu."

Kitavi alikuwa mjini na mkokoteni wake. Angekuwepo angesema, hilo nalijua.

Msichana akangoja. Alingoja kweli, simlaumu. Akauliza mara ya pili. Mie nilikuwa umbali wa kumgusa bega. Eda hainikatazi kusema dirishani. Hata kutoka ingefaa, Mungu anajua dharura. Daktari alisema vifua vyote vya hapo, si cha Mwalimu peke yake. Maneno yalinijia vile vile alivyoyasema. Neno lilikuwa moja tu, na mdomo niliufungua. Lakini nilimwona Munyiva kupitia upenyo wa pazia, kasimama mikono mitupu, nikaukumbuka ule mwiko. Nikasema moyoni: mwache naye akae bila majani. Mwache ajue.

Nilinyamaza.

Tingatinga likawaka. Mukima ni mti dhaifu, unavunjika upesi. Mivinje ilichukua muda zaidi.

Jumatano, 10 Juni

Uwanja mtupu. Jana jioni tayari mtu wa ploti ya juu ameleta gunia la taka.

Anita amekohoa tangu alfajiri. Ni kikohozi kile kile, kikavu, cha kukatika. Baina ya kikohozi na kikohozi namsikia mama yake akimwambia avute polepole, polepole mama. Shule imemshinda kwenda. Nilimtaka Munyiva ajute, na mtoto sikumwazia hata kidogo.

Nimegonga ukuta. Nikasema, "Munyiva, mkalishe. Asilale chali. Mkalishe, mwegemeze mbele."

Nikasikia kitanda kikisogezwa, na sauti yake karibu sana, kinywa kimegusa mabati ya ukuta.

"Nimemkalisha, Mama Sahar. Sasa nifanye nini?"